Sweta la Kaka

Jumanne, 4 Juni

Mdomo wangu utaniponza siku moja. Siku yenyewe ni leo.

Kaka amepiga simu nikiwa kazini, mashine ya kufuma inanguruma. Nimetoka nje kumsikiliza. Salamu mbili tatu, kisha akaingia kwenye lake. Amesikia Mama anasahau. Kasikia kwa nani? Hasemi. Najua ni jirani wa geti jekundu, huyo hana dogo. Kaka anataka kumchukua Mama akakae kwake. Mbali huko! Baridi usiku na mchana, nyumba ya ngazi juu ya ngazi, mkewe na yeye wote kazini. Mama hatajua hata choo kiko upande gani.

Nikamwambia Mama hana tatizo. Akasema hali ya mtu mzima haifichiki. Ndipo nikaropoka: mtu anayesahau hawezi kufuma misuko ile kama nywele zilizosukwa, na Mama anakufumia sweta la misuko hivi sasa, mgongo umeisha, mikono yote miwili imeisha, bado kifua tu!

Kisha Kaka akasema haya, vizuri sana. Atakuja Jumapili ya tarehe 23, alivae. Akilikuta sawasawa, habari ya kumhamisha Mama haitazungumzwa tena.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Maana sikumwambia kwamba kifua hicho Mama anakifuma tangu mwezi uliopita, na kila nikirudi jioni nakikuta pale pale.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimemchunguza Mama akifuma. Nimejifanya nadarizi foronya yangu. (Waridi langu limekuwa kabichi. Nikiwa na wasiwasi navuta uzi mno, kitambaa kinajikunja. Nimefumua mara ngapi sijui. Foronya itakuwa na matundu kabla haijawa na maua.)

Ukimwangalia kwa mbali, Mama ni yule yule. Kiti chake dirishani, miwani puani, sindano zinagongana taratibu, midomo inahesabu. Uzi wa kijani kilichokoza, ule mzito aliouchagua mwenyewe dukani akimgombeza muuzaji. Mikono haijasahau chochote. Lakini akifika kwenye msuko anasimama. Anatazama. Anaanza kuhesabu upya. Anasimama tena. Halafu anafuma tu kuendelea mbele, na uso wake unabadilika kama mtu aliyepitwa na basi na hataki watu wajue.

Nilimuuliza, Mama, nikusaidie kuhesabu? Akanijibu: nani alikufundisha kuhesabu wewe?

Jibu ni yeye.

Jumamosi, 8 Juni

Mama alilala mchana. Nilichukua sweta nikaenda nalo chumbani nikafunga mlango, mwizi kabisa!

Lo! Misuko ya kifuani ni miwili. Mmoja unazunguka kulia kama inavyotakiwa. Wa pili unakwenda kulia, unarudi kushoto, unakwenda kulia mara mbili, kisha unanyooka tu, haujisuki tena. Na pembeni kitanzi kimoja kimeachwa, kimeporomoka mpaka chini na kuacha ngazi.

Kitanzi nilikiokota kwa ndoano ya kroshia, ngazi baada ya ngazi mpaka juu. Hiyo raha yake siwezi kumweleza mtu asiyefuma. Kitu kilichokuwa kinaharibika kinarudi mahali pake, tap tap tap. Kwa dakika chache nilisahau kila kitu. Msuko ndio ulionitoa jasho. Nilifumua kipande kizima, nikafuma upya. Mama alipokohoa chumba cha pili, nikamaliza mstari haraka. Nikarudisha kila kitu kwenye kikapu, sindano zikiangalia upande ule ule alioziacha.

Alipoamka akachukua kazi yake, akaendelea. Hakusema kitu. Nimepona.

Jumatano, 12 Juni

Sijapona.

Nimerudi kutoka kazini nimemkuta amesimama katikati ya sebule, sweta mkononi. Shikamoo yangu hakuijibu. Akaniuliza nani kaingia humu ndani.

Nikasema hakuna.

Akasema kuna. Akanivuta mpaka dirishani, akanishika kidole, akakipitisha juu ya kile kipande nilichofuma mimi. Unaona hapa? Hapa pamekazwa. Mimi sifumi hivi. Mtu mwenye wasiwasi kapita hapa!

Yaani hakuona. Alihisi tu kwa ncha za vidole! Nilitaka kumkumbatia. Mtu anayeweza kujua hilo, akili yake iko wapi kama si kichwani? Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba mimi ndiye mshtakiwa.

Nikakana, macho makavu. Akafikiri. Akaamua ni jirani wa geti jekundu, kwamba anapita dirishani mchana kuja kumharibia kazi kwa wivu. Nilicheka, naye akacheka, lakini nadhani hakuwa anatania. Jioni alikwenda kuhakikisha dirisha limefungwa. Baadaye akaenda tena. Na tena.

Furaha yangu ikaniishia hapo hapo.

Ijumaa, 14 Juni

Birika limeungua.

Jirani kanipigia kazini. Moshi jikoni kwenu, njoo haraka. Nilimwachia mwenzangu mashine ikiwa katikati ya sweta la shule, nikakimbia na kandambili za karakanani. Nimefika, jirani ameshazima jiko na kufungua madirisha. Birika jeusi, limepasuka chini. Mama yuko kwenye kiti chake anafuma, moshi umejaa nyumba nzima.

Aliniambia: umerudi mapema leo.

Nilimshukuru jirani. Yule mama nimemsema vibaya miaka nenda rudi, leo amemwokoa mama yangu. Akaniambia kwa upole, bila umbea hata kidogo, kwamba hii si mara ya kwanza. Mwezi uliopita alizima jiko mara mbili. Hakuniambia kwa sababu aliona nina mambo mengi. Ndiyo maana alimwambia Kaka.

Nimenunua birika la umeme, linajizima lenyewe. Mama kalitazama, kasema halina sauti, utajuaje maji yamechemka?

Jumamosi, 15 Juni

Nimeanza kuhesabu siku. Si vizuri.

Nikimwambia Kaka kweli, anamchukua. Nisipomwambia, Jumatatu nakwenda kazini namwacha na jiko. Nimefunga gesi kwenye mtungi na spana nimeificha. Chakula chake cha mchana nitamwachia kwenye chombo cha kutunza joto. Nimejaribu kumpata dada wa kukaa naye mchana, Mama kamwambia yule dada kwamba humu ndani hakuna mgonjwa, mgonjwa akipatikana atamwita. Dada wa watu kaondoka na mkoba wake.

Na mimi? Niseme kweli humu angalau, hakuna anayesoma. Naogopa nyumba hii bila yeye. Nikiingia jioni ni ile sauti ya sindano inayonipokea kabla ya mtu. Kaka ana mke, ana watoto. Mimi nina foronya yenye kabichi.

Jumatatu, 17 Juni

Jamani!

Mama kanipokea mlangoni amefurahi, anang'aa. Nimemaliza kifua, sasa niko kwenye mkono wa sweta, Kaka yako atalivaa kabla hajavua viatu! Kweli kifua kimeisha. Kimefungwa shingoni vizuri. Misuko ina makosa mawili matatu, lakini ya kusameheka, Kaka hataona. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu simu ile.

Kisha nikaangalia kilicho kwenye sindano. Mkono wa sweta, umefika kiwikoni. Mzuri! Umenyooka, hauna kosa hata moja. Ila mikono ya sweta hilo iliisha zamani. Mama huanza na mikono siku zote, anasema ni sehemu ya kuchosha, afadhali kuimaliza ukiwa na nguvu. Iko kwenye mfuko kabatini, yote miwili.

Huu ni wa tatu.

Ningenyamaza! Ningemwachia aumalize, ningeuficha, basi. Lakini nilishtuka, na nikishtuka mdomo unatangulia. Nikaenda kabatini, nikaleta ile miwili, nikaiweka juu ya meza mbele yake.

Aliitazama. Akautazama ule wa kwenye sindano. Akainua mmoja, akaulinganisha. Nikaona kabisa anatafuta njia ya kutokea. Kisha akasema, kwa sauti ndogo: basi huu wa akiba.

Tukacheka. Sote wawili tulicheka sana, mpaka machozi. Nikamwambia Kaka atapata pa kuweka simu. Akasema au mkono wa mke wake, aingize na yeye humo humo wapate joto. Mama bado anajua kutania. Lakini alipokwenda kulala hakuniaga, na sindano aliziacha sakafuni. Sindano zake! Hajawahi.

Jumatano, 19 Juni

Amelifumua.

Lote. Mgongo, kifua, mikono, ule wa akiba. Nimerudi nimemkuta amekaa chini, miguu ameinyoosha, rundo la uzi wa kijani mapajani, limejikunjakunja. Vidole vyekundu kwa kuvuta.

Nikamuuliza Mama, kwa nini? Akasema lilikuwa na makosa. Anaanza upya. Kaka yako hawezi kuvaa makosa.

Nilikaa naye sakafuni. Sikuwa na hasira, nilitamani ningekuwa nayo. Nikashika ncha ya uzi nikaanza kuviringisha mpira. Tuliviringisha pamoja, yeye akinishikia, mpaka giza likaingia na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa. Akanisimulia jinsi alivyonifundisha kufuma, jinsi nilivyolia nilipoacha kitanzi cha kwanza, nikadhani sweta zima litakufa. Kila kitu anakikumbuka. Rangi ya uzi, gauni nililovaa, hata wimbo uliokuwa redioni. Ni Jumatatu tu asiyoikumbuka. Ameniuliza: nilikuonyesha mkono wa sweta niliouanza?

Zimebaki siku nne tu kufika Jumapili. Hakuna binadamu anayefuma sweta la misuko kwa sindano kwa muda huo. Labda niombe radhi, nimwambie Kaka halijaisha. Atauliza kwa nini. Atataka kuona lilipofikia.

Alhamisi, 20 Juni

Nimepata wazo. Silipendi.

Sikwenda kazini; asubuhi niliuosha ule uzi wote kwa ndoo mbili. Uzi uliofumuliwa una mawimbi, ukiufuma hivyo hivyo kazi inatoka na vipele, kila mtu atajua. Nikautundika uani na mawe yaning'inie chini uvutike. Mama akauliza uzi wangu uko wapi? Nimeufua, Mama. Akasema umefanya vizuri, ulikuwa na vumbi. Basi! Hakuuliza tena. Siku nzima mikono yake iko mapajani, haina kitu. Hilo nalo limenitisha.

Jioni umekauka. Umenyooka kama mpya.

Ijumaa, 21 Juni

Nimelifuma kwenye mashine.

Karakana yetu inatoa masweta ya shule, kijivu na damu ya mzee, kijivu na damu ya mzee, mwaka mzima. Kijani kiliposhuka kwenye mashine yangu kila shingo ikageuka. Bosi kapita, kasimama, kauliza hiyo ni shule gani? Nikamwambia ni shule ya watu wazima. Akatikisa kichwa akaenda zake. Mungu ambariki, hakunikata mshahara.

Mgongo na mikono mashine iliitoa kabla ya mapumziko. Kiwiliwili cha mbele nilikwenda nacho taratibu, misuko naivusha mwenyewe kwa kulabu, kila baada ya mistari kadhaa. Mwenzangu wa mashine ya pili, tunamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi, leo alinyamaza. Alinishikia uzi. Kisha akauliza, sasa unamdanganya nani, kaka yako au mama yako?

Nikamwambia namdanganya Kaka tu. Mama nitamweleza.

Maana Mama hadanganyiki kwa hili. Mama na mashine ni maadui wa tangu na tangu. Nilipoanza kazi hapa alilishika sweta la kwanza nililomletea, akaligeuza ndani nje, akasema limesimama kama askari wa gwaride, halina mtu ndani yake. Tangu hapo hajawahi kulivaa. Alijua kipande changu kidogo kwa kidole! Sweta zima la mashine atalijua akiwa mlangoni. Atalikataa mbele ya Kaka, kwa sauti, na mimi nitaingia ardhini.

Kwa hiyo lazima nimwambie kesho. Nimwombe anisitiri. Atanigombeza, nitaipokea, kisha atanisitiri. Ni mama yangu.

Jumamosi, 22 Juni

Sikumwambia. Nimeunganisha vipande kwa mkono, nimelipiga pasi ya mvuke, limekaa vizuri mno. Mara tatu nimekwenda mpaka kwenye kiti chake. Mara ya kwanza alikuwa anasinzia. Mara ya pili nilimuuliza kama anataka chai. Mara ya tatu aliniangalia akasema, una nini wewe, unazunguka kama kuku anayetaka kutaga?

Nikamwambia Kaka anakuja kesho. Akasema kesho? Mbona hamniambii!

Nimemwambia kila siku wiki hii.

Jumapili, 23 Juni

Naandika chumbani kwangu, mlango umefungwa. Nimesema natafuta chaja. Niandike upesi.

Kaka amefika kabla ya chakula cha mchana. Kanenepa. Shikamoo Mama, marahaba mwanangu, machozi kidogo. Mama alimjua, jina lake na yote, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Nikaanza kupumua. Tukala. Mama akamwongezea nyama kama zamani, Kaka akalalamika kama zamani.

Kisha Kaka akasema, haya, liko wapi hilo sweta langu nililoahidiwa?

Nikalileta. Nilipanga nimpe Kaka moja kwa moja mkononi, Mama asilishike. Lakini Mama alinyoosha mikono, nikampa. Ningefanyaje?

Akaliweka mapajani. Akalikunjua. Akapitisha kidole kwenye msuko, kutoka juu mpaka chini, polepole. Nikasema kimoyomoyo: sasa. Sasa hivi. Akaligeuza ndani nje. Mama, tafadhali. Akaligeuza tena.

Akamwambia Kaka: simama.

Akamvalisha mwenyewe. Akamnyoosha mabega, akamvuta chini, akarudi nyuma kumtazama. Limemkaa kama alipimwa nalo. Mama akasema, limenitesa hili, hasa misuko, lakini naona mikono yangu bado ina kazi yake.

Kaka alikuwa amelia kabla sijajua. Mtu mzima yule! Akamkumbatia Mama, akasema basi, nimekosa mimi, watu wanasema sana. Akajipiga picha, akawatumia watoto.

Nami nilisimama pale nikawaza, huyu mama, huyu! Amejua, amenisitiri bila hata kuombwa. Nilimfuata jikoni alipopeleka vyombo. Nikamshika mikono yenye maji nikamnong'oneza, ahsante Mama, umeniokoa.

Akaniuliza: nimekuokoa na nini?

Nikasema sweta, Mama. Lile sweta. Akanitazama, si kwa kunificha. Macho yake nayajua. Akatabasamu akasema ukitaka na wewe nitakufumia, lete uzi tu.

Hakujua. Kidole kile kile. Siku kumi na moja tu zimepita.

Niliosha vyombo vyote, hata visafi. Niliporudi sebuleni Mama alikuwa amekwenda kupumzika kidogo, na Kaka, bado kalivaa ingawa kuna joto, akasogea karibu nami. Akasema kwa upole, kitindamimba wetu, mimi mambo ya uzi siyajui. Nimeona sweta, nimeridhika. Lakini wewe ndiye unayeishi naye. Niambie wewe. Ukisema yuko sawa, naondoka kesho na hili sweta langu na sitalizungumza tena, naapa. Nitaamini utakalosema.

Heri angekuja kwa ukali! Nilijiandaa kwa ukali. Nikasema ngoja nitafute chaja.

Basi nimekaa hapa kitandani. Kesho saa moja asubuhi niko karakanani, Mama yuko hapa na dirisha lake. Spana ya gesi iko chini ya godoro langu, hapa nilipokaa, inanichoma. Na akienda kule, atazunguka nyumba ya ngazi akitafuta mlango wa jiko hili. Nikisema yuko sawa, namuua. Nikisema hayuko sawa, namfukuza kwake. Yarabi!

Mama ameamka. Namsikia sebuleni anamsimulia Kaka jinsi alivyolifuma. Alikaa wapi, mwanga ulikuwa ukiingia upande gani. Jinsi msuko wa pili ulivyomsumbua mpaka akataka kuuacha, jinsi mimi nilivyokuwa namkatiza kila mara kwa maswali. Anaeleza vizuri sana. Kaka anacheka pale pale panapochekesha. Mimi mwenyewe nasikiliza, naona kama ni kweli.

Kiti cha Kaka kimesogea. Anakuja huku, namsikia.

Anagonga.